Fungu la Binti Aliyetoka

Sogeeni, wanangu, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikianza sitarudia. Efraimu, kaa chini, wewe ndiye mkubwa, usisimame mlangoni kama mtu anayesubiri basi. Aloisi, niinue kidogo, ongeza mto mmoja mgongoni, hapo hapo. Na wewe Aikande usiende jikoni. Najua kwetu mabinti hawakai panapogawanywa kihamba, shamba la ukoo, lakini maneno ya leo yanamhusu binti, na nikiyasema bila binti kuwepo nitakuwa nimeyasema nusu.

Nasema Kiswahili kwa ajili ya wajukuu hawa waliozaliwa Dar es Salaam, ambao Kichagga wanakisikia kama mvua juu ya bati. Mmezoea kunisifu kwamba babu anakijua Kiswahili. Basi pokeeni hilo kwanza: Kiswahili hiki si changu. Nimekiiba kwa Kornel wa misheni, yule mzee ambaye nimewakataza kuingia kwake tangu mkiwa wadogo, na hamjawahi kuambiwa sababu. Alikipata kwa bibi yake aliyeishi pwani, na kila Jumapili alipokuwa akisoma somo kanisani mimi nilikaa benchi la tatu nikitikisa midomo, nikiyafuata maneno yake moja moja, roho ikiniuma kwamba mtu asiye na hata mgomba mmoja wa baba yake anaweza kusema vizuri namna ile.

Niyamalize ya mali, halafu niwaambie. Nyumba hii na migomba inayoizunguka ni ya Aloisi, kwa kuwa ndiye kitinda mimba na ndivyo tulivyo. Shamba la chini, lile la barabarani lenye mibuni mipya, ni la Efraimu. Kile kiwanja changu cha Njoro ni cha Aikande, si cha mumewe, na ng'ombe mwekundu pia ni wake. Atakayemwambia kwamba mtoto wa kike harithi, mwambieni baba ndiye aliyesema na akili zake zilikuwa timamu.

Imebaki kihamba cha juu, kule juu ya mfereji. Efraimu, usiniangalie hivyo. Najua umemleta mtu kutoka Moshi mjini mwenye kamba ya kupimia, anataka kujenga nyumba ya kulaza wageni wanaopanda mlima, na najua mlishapeana mikono. Siku hizi kila kitu ni ruksa, kahawa inanunuliwa na yeyote mwenye lori, vyama vimekuwa vingi, kila mtu anauza. Lakini pale huwezi kuuza, mwanangu, kwa sababu si pako. Si pangu pia. Nimepalima miaka arobaini na tano na mwenyewe anapita barabarani kila siku ananiamkia.

Nilipokuwa mtoto, baba yangu akichinja, nyama ilipangwa juu ya majani ya mgomba na kila fungu lilikuwa na mwenyewe, hili la kaka mkubwa, hili la mjomba, hili la wazee wa ukoo, na hakuna aliyethubutu kugusa la mwenzake, kwa sababu kwetu mtu asiye na fungu ni mpita njia. Mwisho kabisa baba aliweka mbavu za kushoto peke yake kwenye jani safi, akasema, "Hili ni la binti aliyetoka," kisha akatazama njia. Hakuna aliyekuja. Watu waliondoka na mafungu yao, nzi wakaanza kutua, ndipo baba aliponiita mimi, mdogo wa wote, akanipa zile mbavu. Nilizila mwaka baada ya mwaka mpaka nikaota ndevu. Nilijua ni zangu. Kama mngeniuliza binti aliyetoka ni nani, ningewaambia ni mimi, hamkuona nani anakula?

Babu yangu alipofariki, Krismasi iliyofuata baba alituma mtu misheni, na nyama ilipokuwa inagawanywa akaingia kijana rika langu, shati jeupe, nywele zimechanwa. Baba akasema yale yale, "Hili ni la binti aliyetoka," akaliinua jani na kumkabidhi Kornel. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, wanangu, nina mchumba tayari, na nilikwenda nyuma ya zizi nikalia kwa ajili ya mbavu. Chekeni tu. Ni pale wivu wangu ulipoanza, na sijui siku hata moja uliponiacha.

Nilimwendea baba kwa hasira, naye akaniambia alichokuwa amekatazwa kusema babu akiwa hai. Zamani zile Wamangi, machifu wetu, walipopigana, Kilema na jirani zake, watu walitekwa huku na huku na misafara ya pwani ilipita ikinunua. Babu yangu alikuwa na mdogo wake wa kike, ana miaka kumi hivi. Alimtoa kwa msafara, akapokea bunduki moja. Kwa mama yao akasema mtoto amechukuliwa na mto, na mama akalia kando ya mto mpaka akafa.

Miaka ikapita. Mapadre wakapanda kutoka pwani wakiwa na watu wao waliowakomboa utumwani, na kati yao alikuwamo mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, jina lake la ubatizo Dominika. Kichagga kilikuwa kimemtoka, ila njia ya kwao hakuisahau. Alifika kwenye ua wetu wa masale, mimea yetu ya mpakani, akasimama nje, hakuvuka, akamwita kaka yake kwa jina la utotoni ambalo halijui mtu wa misheni wala mtu wa pwani. Babu akatoka. Akamtazama vizuri. Akasema, "Simjui huyu. Huyu ni wa misheni."

Alisema hivyo kwa sababu angemjua, ingebidi aseme bunduki ilitoka wapi. Basi Dominika akaishi pale misheni kwenye ardhi ya mapadre, akazaa na kupata wajukuu, na ukoo ukawaita waliokombolewa, kana kwamba kukombolewa ni kabila. Kila jioni aliuona moshi wa nyumba aliyozaliwa. Kornel ni mjukuu wake. Hesabuni wenyewe yeye na mimi ni nani.

Baba alipokuwa anakata roho, alilala hapa hapa nilipolala mimi. Wengine walikuwa nje, nilikuwa naye peke yangu, akaniambia, "Sirili, kihamba cha juu ni cha nyumba ya Dominika. Mimi nilimwogopa baba yangu, wewe huna wa kumwogopa. Wape." Nikasema ndiyo, baba. Nikamfumba macho. Nikatoka nje, wakaniuliza amesema nini, nikajibu amewabariki wote.

Naomba maji. Asante, Aikande.

Sasa linakuja lenyewe. Mwaka ule wa uhuru, bendera ikiwa mpya kabisa na watu wakiimba kwamba hakuna tena mtwana wala bwana, Dominika akafariki. Umri wake hakuna aliyeujua, tisini au zaidi. Kornel akaja mbele ya ukoo. Hakuomba shamba. Aliomba mahali pa kumlaza bibi yake kwenye udongo alikozaliwa, maana wetu wote tunawalaza kihambani na wa misheni wanalala misheni. Akatoa karatasi, ile ambayo bibi alipewa pwani alipoachwa huru, imechakaa kwenye mikunjo, akaisoma kwa sauti yake ile ya kanisani, na wazee wakaanza kuguswa. Niliwaona. Mmoja alishatoa kitambaa. Wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyebaki na maneno ya baba.

Ningeweza kusema. Lakini nilikuwa nimesikia sauti ile, na nilimwona mama yenu Theodora amesimama na wanawake wenzake, machozi yanamtoka, machozi ambayo mimi sijawahi kumtoa kwa neno lolote zuri. Nikasimama nikasema, "Karatasi hiyo inasema yuko huru. Haisemi ni wa nani." Watu wakacheka. Kornel akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaniambia, "Asante, mzee." Mzee! Tulikuwa rika moja. Wakaenda kumzika misheni, na jioni ile nilikula vizuri, nawaambia ukweli.

Tangu hapo kila aliloshika yeye mimi nililipima. Alipoezeka bati kabla yangu, nilisema amepewa na mapadre. Binti yake alipopata uuguzi pale Mawenzi, nilisema hospitali siku hizi wanachukua yeyote, na wakati huo Efraimu alikuwa ameshindwa darasa la saba, nisamehe mwanangu. Ilipokuja ya Ujamaa, nilijificha humo, nikawa nasema ardhi ni ya taifa, nani anaweza kumpa nani. Mama yenu akipika kiburu cha ndizi na kumtumia bakuli alipougua, nililitazama lile bakuli linavyotoka na linavyorudi, na kama lilirudi limeoshwa sana niliuliza kwa nini. Miaka hamsini na zaidi nimelala na mwanamke huyu na sikumwamini kicheko chake, kwa sababu siku moja, siku moja tu, Kornel alisimulia habari ya punda wa padre na Theodora akacheka mpaka akakaa chini. Hakuna baya lingine alilonifanyia. Alicheka.

Theodora, usifute macho. Sisemi ili ulie. Au lia tu, ila iwe kwa ajili yangu.

Haya, shikeni maagizo, sauti inaniishia. Efraimu, kesho mrudie yule mtu wa kamba, umwambie baba alikuwa mwizi na umegundua leo. Ukiona aibu, sema alikuwa mjinga. Ndugu yako Kornel... nimesema ndugu, mmesikia?... mpelekeni yeye na wanawe kihambani, mwiteni mwenyekiti wa kijiji na balozi wa nyumba kumi, pandeni masale mapya kwenye mpaka wote kuanzia mferejini, na iandikwe karatasi. Iandikwe "nyumba ya Dominika, binti wa ukoo huu." Msiandike zawadi. Atakayeandika zawadi nitamtokea ndotoni. Na wakitaka kumhamisha bibi yao kutoka misheni, ninyi ndio mtakaochimba, kwa mikono yenu, si kwa kibarua.

Aloisi aliniuliza asubuhi kwa nini nisimpelekee Kornel sale lililofungwa, kama mtu wa kwetu anayeomba msamaha. Sikiliza, mwanangu. Sale likishafika mlangoni, aliyekosewa hana ruhusa ya kukataa, ndiyo desturi, hata kama moyo wake unawaka. Sisi tumemkatalia Kornel kila kitu. Siwezi tena kumnyima na haki ya kunikatalia. Ndiyo maana nimekutuma umwite kwa mdomo mtupu. Akitaka, aje anitemee mate. Ni haki yake, na ni haki ambayo mtu huru peke yake anayo.

Lakini hatatema. Mimi namjua kuliko mnavyomjua, nimemchunguza maisha yangu yote. Atasamehe. Ataingia hapa na fimbo yake, atasema maneno matatu kwa Kiswahili kile, na nyote mtalia, na padre atahubiri habari hiyo mwezi mzima, wema wa Kornel, wema wa Kornel, na mimi nitakuwa ndani ya udongo siwezi hata kukohoa. Hilo linaniuma kuliko kufa. Mungu anisamehe, linaniuma hata sasa.

Inamisheni vichwa. Siwezi kuinua mikono, Aloisi, inua huu mmoja... uweke juu ya Efraimu. Mzae, mlime, mshibe. Msiwe na macho kama yangu, yanayohesabu sahani ya mwenzao. Aikande, ubarikiwe wewe na nyumba yako. Wajukuu, hata ninyi msionielewa vizuri, mbarikiwe. Mkigawana, mgawane mchana, watu wote wakiona. Mungu awatunze... awatunze wote waliotoka nyumba hii, na wale... wale tuliowatoa.

Pumzi... ngojeni.

Nani huyo anabisha hodi? Ni yeye. Anabisha nje ya ua, si mlangoni, mnasikia? Maisha yake yote hajavuka pale bila kuitwa. Aloisi, kimbia... hapana, acha, nitamwita mwenyewe. Nishikeni.

Kornel! Ingia... ingia, ndugu yangu, hapa ni kwenu.

Theodora, wewe baki upande wangu.