Jinsi Mama Wanjira Alivyomnunua Ivan

Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama chetu, Ndugu Kiprono, uliyenipa dakika tano na tayari unatazama saa, Mheshimiwa mwakilishi wa komuni, na ninyi Wakatoliki msisimame, hii ni komuni ya serikali, ile halmashauri ya mji, haina mkate, Baba Mchungaji, majirani zetu wa Chile, mnaotabasamu bila kuelewa neno hata moja, na hiyo ni heshima kubwa kuliko ninayopewa na wanaoelewa, ndugu wageni waalikwa, na ndugu mliojialika wenyewe baada ya pilau kunukia mpaka stesheni ya Alby: hamjambo?

Hiyo "hatujambo" imetoka baridi. Nitaipokea hivyo hivyo.

Mimi ni Muhammed Ssali, Mganda wa Rågsved, huku huku kwa Waswidi. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha mimi, tusigombane. Kiswahili nilikiokota Nairobi enzi za ukimbizi, kwa hiyo mkikiona kina vumbi mjue kiliokotwa chini. Nimepewa kazi ya kumuaga binti yetu Wilkister, aliyetunga na kuongoza lile igizo la nyimbo juu ya historia ya watu weusi na ndugu zao wa Amerika ya Kilatini, lililochezwa humu humu ukumbini mwezi uliopita. Jumatatu anahamia Umeå, kaskazini mbali. Huko ameahidiwa jukwaa zuri, taa za kisasa, na watazamaji wanaokaa kimya hadi unatamani kuwapima mapigo ya moyo.

Kwa nini anatuacha? Kila mtu hapa anajua, na kila mtu anaangalia sahani yake. Basi niacheni niseme mimi, yangu nimeshaimaliza.

Kwa wageni ambao hamkuwepo: Wakristo wetu wana mnada wa mavuno. Mtu asiyemiliki hata chungu cha maua analeta trei ya mayai ya dukani, mwingine boga, mwingine kuku aliyeganda, na vyote vinanadiwa baada ya ibada. Mimi ni Mwislamu, huwa naenda kwa ajili ya chai. Lakini desturi yao naijua. Kitu cha mwenzako hakiachwi kiende hivi hivi, na ukishakishinda unakitoa zawadi kwa anayekihitaji. Na malkia wa mnada huo, tangu kabla Mchungaji hajaota ndevu, ni Mama Wanjira, yule pale mwenye kilemba cha zambarau. Usiiname, mama, kilemba hicho hakifichiki.

Sasa, igizo likaanza. Sehemu ya mwanzo ilikwenda vizuri: wakaimba, wakacheza, nikalala kidogo. Kisha ikaja ile ya soko la watumwa. Kijana wetu Ivan, anayesomea unesi pale Flemingsberg, mrefu kama mlango, akapandishwa juu ya kreti bila shati. Daisy, mwenye masharubu ya pamba, ndiye dalali. Tajiri wa mashamba ya miwa ni jirani yetu Hernán, dereva wa treni ya mstari mwekundu, mtu mpole hadi huwa anawasubiri wanaokimbia kwenye ngazi.

Hernán akatoa pipa la sukari, kama alivyoandikiwa. Daisy akauliza kwa sauti nzito, "Hakuna mwingine?" Kwenye maandishi hakuna mwingine. Ivan anauzwa, taa zinazimwa, kwaya inalia.

"Hakuna mwingine? Hakuna mwingine?"

"Mapipa mawili!" Sauti ilitoka chini ya kilemba cha zambarau.

Nilidhani ni sehemu ya mchezo. Hernán naye, maskini, alidhani hivyo, akasema matatu. "Matatu na mbuzi!" akajibu Mama Wanjira. Hapo ukumbi ukachangamka. Ndugu Ndayisaba, Mrundi wetu, akaongeza ng'ombe. Mtu akamwuliza, "Ng'ombe wako yuko wapi, wewe?" "Yuko Gitega, lakini ni ng'ombe!" Baba Mchungaji, usitazame dari, akatoa friza ya kanisa. Mzee mmoja wa Kichile akasimama akasema maneno marefu kwa Kihispania huku akimnyooshea Hernán kidole. Hatukuelewa kitu, tukamwunga mkono sote. Hernán akamtazama Daisy, akavua kofia ya kitajiri, akasema kwa Kiswidi kwamba yeye hana zaidi.

Daisy angefanya nini? Dalali ni dalali. Akagonga nyundo: "Amekwenda kwa Mama Wanjira!"

Na Mama Wanjira akasimama, akarekebisha kilemba, akatangaza: "Nimemnunua, na ninampa mama yake."

Mama yake, Namubiru, alikuwa ameketi safu ya nne. Alipiga kigelegele hadi masharubu ya Daisy yakadondoka. Akapanda jukwaani na koti, akamvika mwanawe, "Utapata nimonia, wewe," akamshusha, akamkalisha, akampa chapati.

Ndugu wageni, hapo historia ikakwama. Sehemu ya pili ni ya mapinduzi, na kiongozi wa mapinduzi ni nani? Anatafuna. Kwaya ikaimba, "Ndugu, twende tukavunje minyororo!" Namubiru akajibu kutoka safu ya nne, "Haendi!" Wakaimba tena kwa Kihispania, labda lugha ndiyo tatizo. "Nimesema haendi!" Mheshimiwa wa komuni akasimama kupiga makofi, baadaye aliniambia hajawahi kuona tamthilia iliyopangwa kwa ustadi namna ile.

Tulicheka. Tulicheka hadi nje, tukacheka ndani ya treni hadi Waswidi wakahama behewa. Na Wilkister alikuwa nyuma ya pazia analia.

Mimi nilimkuta. Nikamwambia, "Binti yangu, mbona imependeza?" Akasema, "Mzee Ssali, watu waliuzwa kweli. Nimeyasoma majina yao hadi nayaota. Nyinyi mmeigeuza historia yao kuwa sherehe ya mavuno." Nikaomba radhi. Mimi! Mke wangu mpaka leo hajaamini.

Nikaenda kwa Mama Wanjira nimekunja uso, nikamwambia akaombe radhi. Mnajua alinijibuje? "Ssali, unadhani sikujua ni maigizo? Huyo Ivan nimemfuta makamasi mimi. Lakini Daisy ameuliza, hakuna mwingine? Ameuliza mara tatu, na mimi nimeketi pale, na mdomo ninao. Nikubali kwamba hakuna?"

Nilirudi nyumbani, chai ikapoa mbele yangu. Kwani siku ile ya kweli, kwenye soko la kweli, swali hilo liliulizwa, na waliokuwepo wote walikuwa wanunuzi. Namubiru hakuwepo safu ya nne. Wilkister, wewe uliliandika swali lile vizuri mno. Ulimfanya mwanamke mzima asahau kwamba amekalia kiti cha plastiki na kwamba alfajiri ana zamu. Na kile kicheko chetu, mwanangu, kilikuwa cha watu waliomwona mnunuzi akishindwa. Tulikuwa hatujawahi kumwona akishindwa.

Lakini nawe una haki. Ivan lazima auzwe. Tukimwacha pale anatafuna chapati, tunawasahau wale ambao hawakurudishwa kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, hii kwaheri uliyonituma imenishinda kuisema. Nina ombi. Wilkister, wewe na kikundi chako, tuchezeeni tena. Daisy aulize swali lake mara tatu, na sisi tutanyamaza. Na usidhani ni kimya cha Umeå, cha mtu anayewaza koti lake amelitundika wapi. Kitakuwa kimya cha watu wenye mbuzi, wenye ng'ombe, wenye friza, waliokalia mikono yao huku Ivan anachukuliwa. Namubiru nimeshamwomba, anasema ataweza akishikiliwa na watu wawili.

Na Mama Wanjira amekubali. Alilia kwanza, kisha akakubali. Huyu ni mwanamke ambaye hajanyamaza tangu aliposhuka ndege Arlanda. Alibishana hata na yule wa kugonga pasipoti. Ameniahidi ataketi safu ya mbele, aulizwe mara tatu, na asitamke neno. Nani mwingine, Umeå au popote, atakufanyia kazi ngumu kama hiyo?

Nawashukuru mlionisikiliza, na mliosinzia nawashukuru kwa kutokoroma. Wilkister, jibu usinipe mimi. Mpe Mama Wanjira. Mtazame: ameshaanza mazoezi.