Mzee Mishale Anatuacha na Mabehewa Yanayopita

Mzee Mishale, mchoraji wa mtiririko wa kazi katika kitengo chetu cha treni za mizigo bandarini, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka ishirini na miwili. Ameomba wasifu wake niuandike mimi, mama wa usafi, wakati ofisi imejaa watu wenye kalamu nzuri. Hata sasa najiuliza ana lengo gani.

Alipofika tulimshuku wote. Mtu mzima, kutwa anabandika karatasi ukutani: kisanduku, mshale, kisanduku. Kontena likitoka melini linakwenda kwa nani, linasubiri nini, nani anatia saini, mpaka lipande behewa na treni iondoke. Wapakiaji ndio waliomwita Mzee Mishale, wakasema kila mshale una mtu wake wa kuchomwa. Mimi roho ilikuwa juu. Binti yangu alikuwa getini akikagua sili, vile vifungo vya milango ya makontena, na kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimlea mjukuu wangu. Nikifagia chini ya ule ukuta nilitafuta kwanza kisanduku cha mwanangu, vumbi baadaye.

Basi alipotuuliza kazi inakwendaje, kila mtu alimpa maneno ya kupendeza. Makarani walisema hati hutangulia mabehewa. Wa getini, binti yangu akiwemo, walisema ukaguzi ni kufumba na kufumbua. Nani humwingiza mgeni chumba kisichofagiwa? Mzee akachora kazi isiyokuwepo duniani. Uongozi ukapanga treni kwa mchoro ule, na siku ya kwanza tu mabehewa yakaganda getini. Meneja akaja juu: huyo binti wa sili ndiye kizuizi, aondolewe.

Nilimsubiri Mzee naye amkandamize binti yangu. Hakumkandamiza. Alisema mbele ya watu kwamba kibovu ni mchoro, na mchoro ni wake, akaubandua wote. Mwezi mzima akafuata makontena nyuma nyuma kama mtu anayeposa, juani, mikono mitupu. Watu walipoona haandiki, midomo ikafunguka. Akachora upya: ukaguzi wa sili ukahamia kwenye upakiaji, ukifanywa behewa lililojaa likingoja jingine lijae. Treni ikifika getini inapita. Aliyehamishiwa huko akafundisha wengine ni binti yangu. Leo ndiye msimamizi wa zamu.

Lakini Mzee asifikiri nimelainika. Mkewe nimemwonya: akimwona amesimama mlangoni mwa jiko akitazama sufuria zinavyopokezana moto, amtoe nje haraka.

Dada anayempokea Mzee kazi amekwisha kuja na kompyuta yake. Naye namshuku, tena kwa bidii. Ila jana alipouliza kazi inakwendaje, binti yangu alimweleza ilivyo, pamoja na ubovu wake wote, nami nikasimama pale na ufagio wangu bila kumkonyeza anyamaze.

Hiyo ndiyo asante yetu, Mzee. Nenda ukapumzike, afya isikupungukie, na wajukuu wakuchoshe.