Doña Obdulia na Mzunguko wa Nafsi Sita

Kwa niaba ya familia, kabla hatujatoka kanisani kwenda makaburini, nawaomba utulivu wenu niwasomee maisha ya mama, bibi, jirani na mwalimu wa wengi mliomo humu, doña Obdulia Sanz Berlanga, doña kwa maana ya bibi mheshimiwa, na wanaosikia baridi wasogee upande wa kushoto, kwa kuwa kipasha joto cha kulia kimeharibika tangu sikukuu ya Watakatifu Wote.

Marehemu alizaliwa tarehe 5 Septemba 1938 katika kijiji cha Navarredal, upande wa milimani wa mkoa wa Soria, mtoto wa pili wa Eusebio Sanz, mchungaji wa kondoo, na Gregoria Berlanga, akapewa jina la mtakatifu wa siku ile kama ilivyokuwa desturi, ingawa mama yake alikuwa ameshawaambia majirani kwamba mtoto ataitwa Carmen. Baba yake, kama wanaume wengi wa milima ile, aliondoka na kondoo kila vuli kwenda malisho ya Extremadura na kurudi mwezi wa sita, hivyo binti huyu alikua akimfahamu baba wa kiangazi tu, na neno alilolisikia zaidi nyumbani wakati wa baridi lilikuwa volver, yaani kurudi: nani amerudi, nani atarudi, nani angerudi kama theluji isingefunga njia.

Alianza masomo katika shule ya Navarredal mwaka 1944, akaendelea na sekondari mjini Soria akikaa kwa shangazi yake, mshona nguo, ambaye alimlipia masomo kwa sharti la kupiga pasi kila Jumamosi, na mwezi wa sita mwaka 1958 alihitimu chuo cha ualimu cha mji huo, akafanya mtihani wa serikali na kufaulu.

Tarehe 14 Septemba 1959 aliteremka kutoka basi la posta hapa Hontalbosa akiwa na sanduku moja, akakabidhiwa shule ya chumba kimoja chenye jiko la kuni katikati, ambako kila mtoto alikuja asubuhi na kipande cha ukuni kwapani. Benchi la mbele lilikuwa la wanafunzi sita wakubwa, naye akaligawa kwa nafsi sita za kitenzi, kila mtoto na nafsi yake: wa kwanza mimi, wa pili wewe, wa tatu yeye, wa nne sisi, wa tano ninyi, wa sita wao. Kila asubuhi, kabla ya hesabu, kitenzi kilipita benchi zima, mtoto anasimama, anasema yake, mwalimu anamwambia, "Umesema yako, kaa," na wa pili anasimama, ninarudi, unarudi, anarudi, mpaka mwisho, kisha wanaanza tena kwa wakati uliopita, ujao, hali ya sharti, na ile hali ya kutamani ambayo watoto waliiita ya akina mama, kwa sababu ndiyo waliyoisikia nyumbani: arudi salama, arudi kabla ya sikukuu.

Kitenzi cha kwanza kilikuwa hicho cha kurudi, kwa kuwa nusu ya baba za watoto wale walikuwa Extremadura, na wakati wote wa baridi darasa lilikaa zaidi katika wakati ujao, hadi siku ya mwezi wa sita kengele za kondoo ziliposikika barabarani, ambapo mwalimu aliwaruhusu wahamie wakati uliopita, wakaupigia kelele kupitia madirishani.

Njia hiyo ilikuwa na kasoro moja, nayo ilionekana majira ya kuchipua ya mwaka 1961, mkaguzi wa shule alipofika kutoka mjini na kumsimamisha Eladio Hernando, aliyeketi nafasi ya pili, akamtaka akinyambue kitenzi cha kurudi peke yake. Eladio alisimama, akasema kwa sauti, "Wewe unarudi," akakaa. Mkaguzi akamwambia aendelee. "Nimemaliza, bwana," akajibu Eladio. "Yaliyobaki si yangu, ni ya wenzangu." Mkaguzi akamjaribu Felisa wa nafasi ya kwanza, naye akajua yake tu, akamjaribu marehemu Benigno wa nafasi ya tatu, hali ikawa ileile, ndipo ikabainika kwamba shule ya Hontalbosa ina watoto sita wanaojua kitenzi kimoja kwa pamoja na hakuna anayekijua peke yake. Doña Obdulia alisimulia kisa hiki hadi uzee wake, na hakuwahi kukipunguza: Jumatatu iliyofuata aliwahamisha wote nafasi, akafanya hivyo kila Jumatatu kwa miaka yake yote ya kazi. Hata hivyo wale sita wa kwanza walibaki na nafasi zao kama mtu anavyobaki na jina la utani, na Eladio anaitwa Wewe kijijini hadi leo.

Tarehe 30 Mei 1964, katika kanisa hili, alifunga ndoa na Leandro Carazo, mwokaji mikate, ambaye kwa majira mawili ya baridi alikuwa akimpelekea mkate wa moto mlangoni bila kusema lolote la maana, hadi siku alipojikaza na kusema, "Ningekuoa, Obdulia, kama ungekubali," naye akamjibu, "Acha ningeningeni hizo, Leandro. Sema kwa wakati ujao, ndipo nikujibu." Walijaliwa watoto wawili, Visitación, aliyezaliwa tarehe 2 Julai 1966, na Ramiro, aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1969, na baadaye wajukuu watatu, ambao wote wako hapa.

Shule ya Hontalbosa ilipofungwa mwaka 1974 kwa kukosa watoto, marehemu alihamishiwa shule ya Almazán, akawa anakwenda na kurudi kila siku kwa gari dogo ambalo Leandro aliogopa kulipanda, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2003. Wale sita walikuwa wametawanyika, Benigno alikwenda Bilbao kwenye viwanda, lakini kila mwezi wa nane, sikukuu ya San Roque, walikutana uwanjani, na baada ya divai kidogo walijipanga mbele ya mwalimu wao kwa nafasi za zamani na kukizungusha kitenzi. Benigno alifariki mwaka 2009, na tangu hapo hawakukizungusha tena, kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa kwenye nafasi yake. Mwaka 2011 Leandro naye akafariki, marehemu akabaki peke yake katika nyumba ya tanuri, akisema kwamba ukuta wa jikoni bado una joto.

Ugonjwa ulianza tarehe 11 Februari 2016. Felisa, ambaye ni jirani yake wa mlango kwa mlango, aliona mfuko wa mkate ulioachwa na gari la asubuhi bado unaning'inia kwenye kitasa saa sita mchana, akaingia, akamkuta sakafuni karibu na sufuria ya supu ya kitunguu saumu. Kilikuwa kiharusi. Katika hospitali ya Soria mkono wa kulia ulianza kupata nguvu baada ya muda mfupi, lakini maneno yalikuwa yameondoka, likabaki moja, "basi", ambalo alilitumia kuomba maji, kusalimia na kukasirika. Mtaalamu wa matamshi, binti aitwaye Leire, alimwonyesha picha za kiko, paka na ngazi, naye akajibu zote, "Basi."

Afisa wa ustawi wa jamii akaieleza familia kwamba mtu anayeishi peke yake kijijini ni lazima aweze kushika simu na kuomba msaada, vinginevyo baada ya Pasaka angepelekwa kwenye nyumba ya wazee. Visitación, anayeishi Zaragoza, alikuwa tayari kumchukua kwake, ghorofa ya saba, lakini kila alipolitaja jambo hilo mama yake aligeuza uso dirishani, na bintiye alituambia baadaye kwamba hakuhitaji maneno kuelewa mama anataka kwenda wapi.

Jumamosi ya tarehe 5 Machi, Eladio aliwapakia wenzake wanne katika gari lake la kubebea kondoo, bila kulisafisha, akawaleta hospitalini. Walisimama kuzunguka kitanda, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa ametegemea mwingine aseme neno, hakuna aliyesema. "Sema kitu, we Wewe," Felisa akamnong'oneza, "umenuka njia nzima, angalau utufae." Eladio akajibu, "Aanze wa kwanza. Mimi ni wa pili, siku zote mimi ni wa pili." Basi Felisa akaanza, kwa kukosa la kusema, "Ninarudi." Eladio akasema, "Unarudi." Kisha wote wakanyamaza, kwa sababu nafasi ya tatu ilikuwa ya Benigno, na katika haraka ya kuanza hawakuwa wamekubaliana nani ataisema. Wa nne hakuweza kusema yake kabla ya wa tatu, hawakufundishwa hivyo. Ndipo kutoka kitandani ikasikika sauti nzito kidogo, lakini ya darasani, ikisema, "Anarudi." Wa nne akaendelea, wa tano, wa sita, na mzunguko ulipofika tena nafasi ya tatu, doña Obdulia alikuwa anangoja zamu yake.

Visitación alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa, na anasema hakumbuki alikiweka wapi.

Kuanzia siku hiyo walikuja wawiliwawili, wakapita nyakati zote kwa utaratibu wa darasa, na Leire akaziweka picha zake kabatini akajifunza kuwa wa kwanza, wa kuanzisha mzunguko. Maneno yalirudi kwa safu, si moja moja, na kwa wiki kadhaa marehemu hakuweza kulifikia neno alilolitaka bila kupitia yaliyolitangulia, kwa hiyo akitaka kumwambia bintiye kwamba amechoka, alisema nimechoka, umechoka, amechoka, na mtu akalazimika kukisia ni nani hasa. "Basi tumechoka wote, mama," Visitación alimwambia siku moja, naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Baada ya Pasaka afisa alikuja, akakaa mbele yake, akauliza, "Mama, ukianguka nyumbani, utafanya nini?" Marehemu akanyoosha mgongo. "Nitaita," akasema, "utaita, ataita, tutaita, mtaita, wataita," kisha akapumua, na akaongeza, "Felisa." Afisa akauliza kama huyo Felisa atakuja kweli, na sauti ikajibu kutoka ukumbini, "Nitakuja! Na huyu wa pili atakuja, labda gari lake likatae." Tarehe 18 Aprili 2016 doña Obdulia alirudi Hontalbosa, nyuma ya gari la kondoo, kwa chaguo lake mwenyewe, akiwa amekaa juu ya kiti cha jikoni kilichofungwa kwa kamba.

Aliishi katika nyumba yake miaka saba zaidi. Alipika, alilima vitunguu, aligombana na gari la mkate kuhusu ukoko, na kila San Roque alisimama uwanjani na wale watano, nafasi ya tatu, mwalimu katika benchi la wanafunzi wake.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, alisikia moyo unamwelemea, akashika simu, akasema kwa pumzi moja, bila kupitia nafsi nyingine yoyote, "Felisa, njoo, lakini malizia kahawa yako kwanza." Felisa hakuimalizia. Daktari alikuja, padre alikuja, na Visitación alifika kutoka Zaragoza akamkuta mama yake anazungumza, wakakaa pamoja mchana wote, hadi saa kumi jioni, alipofariki kitandani pake akiwa na umri wa miaka themanini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya Soria, daktari wa kijiji, binti Leire, aliyeendesha gari kwenye ukungu kuwa nasi leo, walimu wenzake wa Almazán, dereva wa mkate, ambaye leo asubuhi ametundika mfuko kwenye kitasa kama kawaida na hatukuwa na moyo wa kumkataza, na majirani wote wa Hontalbosa, hasa Felisa, na Eladio, ambaye safari hii amelisafisha gari. Baada ya mazishi kuna supu na nyama ya kukaanga katika chumba cha shule ya zamani, jiko limeshawashwa, anayeweza aje na ukuni wake.

Pale kaburini wale watano watakizungusha kitenzi kwa mara nyingine, kwa wakati ujao, na wakifika nafasi ya tatu watanyamaza kidogo kabla ya wa nne kuendelea. Tunawaombeni mnyamaze nao, wala msiwaharakishe, maana mara ya kwanza walipongoja, walijibiwa.

Umesema yako, doña Obdulia. Kaa, upumzike.