Kufungua ni Kuelekea kwa Birika

Benchi letu liko kwenye kona, chini ya kibaraza cha duka ambalo mwenyewe alilifunga akasahau kutufukuza. Ukikaa pale unatazamana na nyumba ya Nipo Njiani, fundi rangi, na gari lake linaloegeshwa mbele ya ukuta. Mkono wa kulia yuko Birika na jiko lake la kahawa. Mkono wa kushoto yuko kinyozi. Hao wawili washike vizuri, maana kijiwe kizima kinatengeneza gari kwa kuwatumia wao. Shokapu, dereva mstaafu wa malori, alitufundisha zamani kwamba ukiwa chini ya gari usijisumbue na kulia wala kushoto: bolti ya kumwagia oili unaifungua kwa kuvuta spana kuelekea kwa Birika, unaifunga kwa kuivuta kuelekea kwa kinyozi. Tumebadilisha oili hivyo miaka yote na hakuna aliyelalamika.

Asubuhi hiyo Nipo Njiani alikuwa amelala chali chini ya gari, tunaona miguu tu. Jina lake alipewa na mkewe, kwa sababu ukimpigia simu jibu lake ni hilo hilo, hata kama bado anatafuta soksi. Na mkewe ndiye aliyekuwa anasubiriwa. Hospitali walisema anaruhusiwa mchana, mguu mmoja ukiwa na plasta kutoka pajani hadi kisiginoni. Siku ya kumpeleka walimkunja kwenye kiti cha nyuma cha teksi, akalia njia nzima. Gari la nyumbani kiti chake cha mbele kinalala hadi nyuma, mguu unanyooka wenyewe. Tatizo, injini ilikuwa inadondosha oili na taa nyekundu inawaka. Ilibidi bolti itoke, pete yake ya shaba ibadilishwe, oili mpya iingie. Bolti ikagoma. Akavuta, akavuta, mpaka kichwa cha bolti kikalika na spana ikaanza kuteleza.

— Imekuwa duara kama kifungo, akasema kutoka chini.

— Toka huko, tukushauri, akasema Shokapu.

Akatoka. Uso mweusi kwa oili, macho mekundu. Mimi ni mshonaji, nguo za watu nazijua, na lile lilikuwa shati lake la kutokea. Alikuwa ameshavaa kwenda kumchukua mkewe.

Shokapu alisema dawa ya kichwa kilicholika ni soketi, ile spana ya kikombe, ndogo kidogo kuliko bolti, unaigonga kwa nyundo hadi ing'ang'anie. Hilo lilikuwa wazo zuri, na nalisema mapema kwa sababu lilikuwa la mwisho kwa muda mrefu. Tulichukua soketi, Shokapu akaingia chini, akagonga. Ikang'ang'ania kweli. Mpini ukining'inia chini, akauchomeka kwenye kipande cha bomba ili uwe mrefu, akavuta kuelekea kwa Birika.

Bolti haikusogea hata unywele.

— Hii imekazwa na mtu mwenye hasira, akasema Shokapu akijifuta.

— Nilikaza mimi mwenyewe, akasema Nipo Njiani.

— Basi siku hiyo ulikuwa na hasira.

— Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimechelewa.

— Ni kitu kimoja.

Redio akaweka kikombe chini. Redio anatengeneza simu, na hana swichi ya kuzima.

— Tatizo ni baridi. Chuma kikipoa kinajikunja. Kimwagie kitu cha moto kinalegea.

— Kitu gani cha moto? akauliza Birika, huku ameshashika birika lake kwa mikono miwili.

— Kahawa.

— Kahawa yangu haioshi injini.

Walibishana hadi Redio akanunua kikombe kwa fedha yake. Nipo Njiani akaingia chini, akaimwagia bolti kahawa, nyingine ikamwingia kwenye mkono wa shati. Akavuta kuelekea kwa Birika. Wapi.

— Haikuwa na sukari, akasema Redio.

— Sasa sukari inahusu nini?

— Inaingia kwenye meno ya bolti, inateleza.

— Sukari inanata, Redio.

— Ikiwa baridi. Ikiwa moto inateleza. Muulize yeyote anayepika.

Birika anapika, lakini alisema yeye hayumo.

Zamu yangu ikafika, kwa sababu kila mtu lazima aonekane amesaidia. Niliingia chini. Gari lilikuwa limekaa juu ya magogo, na kichwa cha bolti kilikuwa upande wa ndani kabisa, kinatazama ukuta, hukioni, unakipapasa tu. Niliona ajabu kidogo kwamba safari hii ilibidi kupapasa, lakini mtu akiwa chini ya injini hafikiri, anavuta. Nikavuta kuelekea kwa Birika mpaka mgongo ukalia. Nikatoka nikasema bolti imeungana na chuma, sasa ni kitu kimoja, kama vitambaa viwili vilivyoshonwa kwa bahati mbaya.

— Nilikuwa nasubiri mtu aseme hivyo, akasema Shokapu. Mimi naamini hakuna bolti. Kiwandani wanachonga kichwa tu, kwa urembo. Ili ukanunue gari jingine.

— Mwaka jana si niliitoa? akasema Nipo Njiani.

— Una uhakika ilikuwa hii?

Mwenye gari akaitazama injini yake kama mtu aliyeambiwa mtoto si wake. Nilimwonea huruma, maana hapo ndipo utani ulipoanza kumchoma. Simu yake iliita. Mkewe alikuwa na sauti ya juu, tulisikia sote. Alisema daktari ameshasaini, nesi ameshakunja shuka, na yeye amekaa ukingoni mwa kitanda na mguu wake mbele kama mlingoti. Akauliza yuko wapi.

Nipo Njiani akaanza jibu lake la siku zote, akaliacha katikati.

— Nipo nyumbani, akasema. Bolti imekataa.

Kisha mkewe akasema kwa upole kwamba basi ataomba teksi, watamkunja, ameshazoea. Simu ikakatika. Nipo Njiani akaiweka kwenye benchi, akakaa kando yake.

— Nilimwahidi nitakuja mwenyewe, akasema. Leo tu nilitaka nifike kabla hajaniuliza.

Hakuna aliyemtania. Ila Redio, ambaye kimya kinamuumiza tumbo, akatoa wazo lake kubwa la siku.

— Liendeshe kinyumenyume. Zunguka mtaa mara moja. Kama bolti ilikazwa gari likienda mbele, litakaporudi nyuma itafunguka yenyewe.

— Redio, akasema Shokapu, na nilidhani atamtukana. Kwa kasi gani?

Wakaanza kujadili kasi. Hapo ndipo Shemeji alipofika, mdogo wake mke wa Nipo Njiani, amekumbatia mito miwili ya kumwekea dada yake chini ya mguu. Alitusalimia kwa heshima zote, akasogea hadi kwenye gari, akazunguka upande huu, akazunguka upande ule, akitafuta mlango wa kiti kinacholala.

— Samahani, Shemeji, akamwambia Nipo Njiani. Mbona leo gari umeligeuza?

— Limegeuzwaje?

— Siku zote linatazama ukuta. Leo linatazama barabara.

— Niliingia kinyumenyume jana. Ili leo niwashe tu na kutoka. Nisipoteze muda.

— Ahaa, akasema Shemeji, akaanza kupanga mito.

Kwake habari iliishia hapo. Kwetu sisi hakuna aliyekunywa tena kahawa yake. Nilimtazama Shokapu, Shokapu akamtazama Birika, Birika akamtazama kinyozi aliyekuwa kule kushoto na mkasi wake hewani, hajui kwa nini anatazamwa. Gari limegeuka, bolti imegeuka nalo, lakini Birika hakuhama. Tangu asubuhi wanaume watatu, kwa zamu, kwa bomba, kwa jasho na kwa kahawa, tulikuwa tunaikaza.

— Mimi nilisema kinyumenyume, akasema Redio kwa sauti ndogo.

Nipo Njiani alikuwa ameshaingia chini. Soketi ilikuwa bado imeng'ang'ania pale Shokapu alipoigongea. Akashika bomba, akasema kitu mwenyewe kwa mwenyewe, akavuta kuelekea kwa kinyozi. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kikasikika kishindo kikavu, nikajua imekatika.

— Imelegea, akasema.

Kisha tukasikia oili ikimwagika kwenye beseni, na sijawahi kusikia kitu kitamu namna ile. Shokapu aliketi chini palepale. Birika alimimina kikombe, akakinywa yeye. Meno ya ndani yalikuwa mazima, kichwa kililika kabla hatujayaharibu, na kwenye duka la vipuri bolti mpya na pete yake vilipatikana bila shida. Shokapu mwenyewe ndiye aliyeifunga, akauliza mara mbili ni upande gani. Oili mpya ikaingia, gari likawashwa, taa nyekundu ikazimika. Nipo Njiani alicheka peke yake nyuma ya usukani, machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja cheusi. Shemeji akapanda nyuma. Gari lilikuwa limeshatazama barabara, likatoka moja kwa moja kama alivyopanga.

Tukakaa. Birika akauliza kama gari likigeuzwa tena yeye ahamie kwa kinyozi, au kinyozi ndiye aje kwake. Shokapu aliomba muda wa kufikiri. Ndipo simu ikaita juu ya benchi. Nipo Njiani alikuwa ameisahau.

Redio akaipokea, maana simu ni kazi yake.

— Yuko wapi huyo? akauliza mke wa Nipo Njiani. Nimeshaita teksi.

— Yuko njiani, mama.

— Na wewe amekufundisha.

— Mama, irudishe teksi. Safari hii yuko njiani kweli. Sote tumemwona akiondoka.

Tukasikia kitanda kikilia, kama mtu anajiinua.

— Basi ngoja nitafute kiatu changu, akasema. Kile kimoja.