Linki ya Kushoto Mbele

Benchi lililo mbele ya saluni ya Kinyozi lina mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha tofali, na anayekaa upande huo lazima ajikaze, la sivyo benchi zima linamwaga kahawa. Jumamosi hiyo wanakijiwe wote waligombea upande huo huo mbovu, kwa sababu ndio unaotazamana na nyumba ya ng'ambo ya barabara. Uwanjani pale palikuwa na gari jekundu la michezo, la milango miwili, la chini kiasi kwamba kuku mnene hapiti uvunguni. Lilikuwa limenyanyuliwa upande mmoja, na chini yake imetokeza miguu ya mwanamke mwenye raba za kijani. Huyo ni mwalimu wa hesabu wa sekondari. Ni binti wa Mzee Spana, na Mzee Spana, fundi magari mstaafu, ndiye aliyeshinda vita vya benchi. Tangu saa tatu asubuhi alikuwa hajagusa kahawa yake.

Kisa kizima kijiwe kilikuwa kinakijua. Gereji ya mzee imefungwa miezi minane sasa, tangu mgongo ulipomgomea. Muuza magodoro anaitaka iwe ghala, na ameahidiwa jibu leo jioni. Binti akasema haiendi kwa magodoro, ataifungua yeye. Mzee akacheka, binti akanuna, wakapandishiana sauti mbele za watu, na mwisho mzee akamkomoa: "Hilo gari lako linalala kwenye kona. Toa stabilaiza zote mbili na linki zake zote nne, tia mpya, nyumbani kwako, peke yako, kabla ya jioni ya Jumamosi. Nikivuka barabara hata kukushikia tochi, gereji ni ya magodoro." Hayo aliyasema Jumatano. Alhamisi alipoamka akajuta, lakini maneno yalikuwa yameshamtoka.

– Hebu nieleweshe, Mzee Spana, Kinyozi alisema huku akikung'uta taulo. Hiyo stabilaiza ni kidude gani hasa?

– Ni nondo. Nondo nene, inapita chini ya gari toka gurudumu la kushoto mpaka la kulia. Mbele iko moja, nyuma moja. Ukikata kona, yenyewe ndiyo inalizuia gari lisilalie upande.

– Na linki?

– Vishikizo vyake. Kila ncha ya nondo ina kimoja. Nyuma kashamaliza. Mbele kulia kashafunga. Imebaki kushoto.

Sauti yake ilijaa fahari bila yeye kutaka, na Mama Kahawa, aliyekuwa anamimina, akaisikia.

– Sema tu unajisifia mtoto, mzee wangu. Hakuna atakayekutoza faini.

– Nani kajisifia? Nahesabu tu.

Kweli alikuwa anahesabu, lakini roho yake ilikuwa inafurahi kwa siri. Alikuwa amemwona binti akichukua boksi tupu la viatu, akalichora gari zima juu ya mfuniko wake, akatoboa matundu, na kila nati iliyotoka akaichomeka mahali pake kwenye mchoro. Yeye katika miaka thelathini ya ufundi nati zake zililala kwenye kopo moja, na kila jioni zilibaki mbili au tatu ambazo hajui za wapi. Aliwahi kumwambia mteja kuwa ni za akiba.

Ng'ambo, miguu ya raba za kijani ilisukuma ardhi. Ikasukuma tena. Kikasikika chuma kikigonga chuma, halafu kimya.

– Imegoma, Kinyozi alisema.

Mzee Spana alijua bila kuambiwa. Tundu la nondo na bolti ya linki vimepishana, kama vidole viwili hivi. Yalimkuta yeye mara mia.

– Hiyo ni joto, akasema Profesa, karani mstaafu ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Chuma kinavimba mchana. Amwagie maji baridi.

– Joto gani, na kulia iliingia? Mi nadhani kauziwa linki ya gari la usukani wa kushoto.

– Kinyozi, nyoa nywele, mambo ya sayansi tuachie. Chuma kina kumbukumbu. Ile nondo ilikunjwa kiwandani, sasa inakumbuka ilivyokuwa imenyooka. Inataka kurudi.

– Kurudi kiwandani?

– Kurudi kunyooka! Na ukizingatia dunia inazunguka, nondo zote duniani zinavuta upande mmoja. Ndiyo maana kulia imekubali, kushoto imekataa. Jambo liko wazi.

– Basi mi nina mteja, Kinyozi alisema, naye asikubali kushindwa, gari lake mwaka mzima lilikataa kukata kulia. Kwa mama mkwe wake akawa anafika kwa kuzunguka kushoto mara tatu. Mke akasema gari limerogwa. Mwisho wa mwaka wakampa mama mkwe zawadi ya kitenge, gari likapona.

– Gari halikurogwa, dereva alikuwa anaona haya kwenda ukweni mikono mitupu, Mama Kahawa alisema.

Wakacheka, lakini Mzee Spana hakucheka. Alikuwa anaangalia mtaimbo ulioegemea ukuta wa nyumba ya binti. Dawa ya ugonjwa huu anaijua: unapachika mtaimbo, unaukalia kwa uzito wako wote, msaidizi anasukuma bolti, nawe unasali isichomoke. Ndivyo alivyofanya siku zote. Ndivyo pia mgongo wake ulivyoanza kuuma, hata kama hakupenda kusema. Kwa mtu mmoja haiwezekani. Lazima wawe wawili.

– Avuke mtu akamsaidie, Mama Kahawa alisema taratibu. Mzee, mkono wako tu.

– Nikivuka, kapoteza.

– Na usipovuka?

Mzee alisimama, benchi likayumba, kahawa ya Profesa ikamwagikia suruali. Mguu mmoja wa mzee ulishakanyaga lami. Alimtaka ashinde, na alimtaka asiumie, na hakujua leo achague lipi.

Wakati huo binti akatoka uvunguni. Uso una grisi mpaka kwenye nyusi. Akauchukua mtaimbo, akaupima mkononi, akamtazama baba yake moja kwa moja kupitia barabara. Halafu akaurudisha ukutani. Akachuchumaa mbele ya gari, mikono magotini, akalitazama vile anavyowatazama wanafunzi wake wanapompa jibu lisilo sahihi.

– Kakata tamaa, Profesa alinong'ona.

– Anafikiri, alisema Mzee Spana.

Binti akainuka, akaenda upande wa kulia, upande uliokwisha, akaingiza jeki ya pili.

– Sasa huko anafuata nini? Kinyozi alishangaa. Si kashamaliza huko!

Akapiga jeki mpaka gurudumu la kulia nalo likaachana na ardhi, akaweka stendi ya kulishikilia, akaitikisa, akarudi kushoto. Akaingia uvunguni. Hakuna aliyesikia chuma kugonga. Mkono ukatoka umeinua vidole viwili, wazi, vitupu, kwamba bolti ameisukuma kwa hivyo tu.

Mzee Spana akakaa chini polepole.

– Ala! akasema. Ala!

– Nini? Mzee, nini?

– Ukinyanyua upande mmoja, gurudumu moja linaning'inia, jingine limebanwa. Nondo imeunganisha yote mawili, lazima ijikunje. Ukinyanyua pande zote, inalegea. Tundu linarudi lenyewe. Kulia iliingia kwa sababu ncha ya kushoto ilikuwa bado huru.

– Si nilisema inavuta upande mmoja? Profesa alidakia.

– Miaka thelathini, mzee akaendelea, wala hakumsikia. Miaka thelathini nanyanyua upande mmoja, nakalia mtaimbo, natukana kiwanda. Na yeye asubuhi kaanza kwa upande mmoja kwa sababu aliniona mimi nikifanya hivyo. Mtoto kanifuata hadi kwenye kosa langu, halafu kanipita hapo hapo.

Macho yalimjaa machozi, akasingizia moshi wa jiko la Mama Kahawa. Alijivunia mtoto, na aliona haya, vyote kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza hakujali nani anamwona.

Binti alirudisha gurudumu la kushoto alilokuwa amelitoa, akalishusha gari juu ya mbao nne nene alizozipanga ili apate nafasi, kisha akaingia tena chini na spana.

– Kasahau kukaza! Kinyozi alipiga kelele. Kashusha gari nati hazijakazwa!

– Hajasahau, mzee alisema. Raba za linki, vimpira vyake, zinakazwa gari likiwa limekanyaga; wengine wanazikaza likiwa hewani, ndiyo maana zao zinachanika mapema. Hilo nilikuwa najua. Nilikuwa sifanyi tu, uvivu.

Baada ya nusu saa gari jekundu liliteremka kwenye mbao, likaingia barabarani. Binti hakupiga honi wala kupunga mkono. Alifika kwenye kona ya duka la rangi, ile ambayo wiki iliyopita gari liliinama mpaka Mama Kahawa akafumba macho, akaikata kwa mwendo. Gari likapita limekaa sawa, halikuinamisha bega, likapotea kuelekea barabara kuu.

Ndipo kigari cha mizigo kikasimama mbele ya saluni, chini yake kikigonga go-go-go. Dereva akachungulia dirishani.

– Shikamooni, wazee.

– Marahaba.

– Gari langu linagonga huku mbele, toka asubuhi. Nimeambiwa mtaa huu kuna fundi mzuri. Ni nani hapa?

Swali hilo, miaka yote, lilijibiwa kabla halijaisha. Leo Kinyozi alitazama taulo lake, Profesa akakagua suruali yake iliyolowa, na Mama Kahawa akajishughulisha na birika ambalo halikuwa na kitu. Kila mmoja aliogopa kutaja jina.

Mzee Spana akasogea, akampisha mgeni kwenye upande mzuri wa benchi.

– Katoka kidogo na gari, akasema. Kaa umsubiri, hachelewi.