Mgonjwa Mzima wa Fundo

Wasikilizaji wapendwa, popote redio yenu ilipo, jikoni au barazani, karibuni tuketi. Leo tunamkumbuka Bi Mwatima binti Jecha wa kisiwa cha Fundo, aliyefariki wiki hii. Bi Mwatima aliugua ndui siku moja tu, na siku hiyo alikuwa mzima wa afya.

Ilikuwa mwaka hamsini na tisa. Bwana afya, jina lake Nassor, alivuka kutoka Wete kuwafundisha watu wa Fundo la kufanya ndui ikiingia kisiwani. Akataka zoezi. Kibanda kikajengwa mbali na nyumba, kamba ikazungushwa. Kikakosekana kitu kimoja: mgonjwa wa kuigiza. Lo! Ujilaze useme unaumwa, nawe mzima? Huo si uchuro huo, kujiitia balaa? Wanaume wa kuvuta nyavu za jarife wakakumbuka ghafla wana shughuli.

Mwatima alikuwa bibi harusi wa juzijuzi, anaomba mtoto. Akasema, "Haya, miye ntalala." Wakampaka vidoa vya unga usoni, akalala.

Sasa, mama yake, Bi Hija, alikuwa Wete sokoni. Huko akaambiwa, mwanao kashikwa na ndui. Neno "zoezi" lilidondoka njiani. Bi Hija akarudi Fundo analia, kanga kajifunga kibwebwe, moja kwa moja hadi kwenye kamba.

"Mama, usivuke! Mzima miye!" Mwatima akapiga kelele.

"Bi Mwatima, wewe una homa kali," bwana afya akamkumbusha.

Bi Hija akavuka, akamkumbatia. Kwa sheria ya zoezi naye akawa mgonjwa, akazuiwa mle kibandani mpaka jioni. Watu walicheka, lakini kamba ni ya nini, hapo wakaelewa. Bi Hija hakucheka. Alimwambia binti yake, "Umejichuria wewe, na wanao ambao hawajazaliwa."

Ndui haikufika Fundo. Wapo wanaosema ni zoezi, wapo wanaosema ni Mungu tu. Sisi hatujui.

Watu humwita Bi Mwatima jasiri. Mdogo wake, Bi Moza, anakataa. "Jasiri wapi! Dada aliogopa maisha yake yote. Mtoto akipata homa, humtoa uani juani, humvua nguo, humtafuta vipele huku analia. Nikamuuliza, mbona ulilala basi? Akanambia, kila mtu alikuwa katazama chini, nikaona haya."

Kwa mumewe, Mzee Silima, kwa Bi Moza na kwa wanawe, ambao wote wa hai, tunasema poleni sana. Mungu amrehemu. Nasi tutafakari, wasikilizaji wapendwa: siku mwito wa namna ile ukija kwetu, nani atalala?

Matano, kitinda mimba wake, mtu mwenye mvi, ametusimulia kwamba alipokwenda kumwona mamake mara ya mwisho, yeye Matano alikuwa na mafua. Bi Mwatima hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa. Alimwambia, "Vua shati, mwanangu, nikutazame."

Akavua.