Kona za Kwenda Raka

Benchi la saruji limeegemea ukuta wa nyumba yetu, mkabala na duka la upepo, pale ambapo watu wa mjini hupunguza upepo wa magurudumu kabla ya kuingia mchangani. Kila alasiri hukaa hapo watu watatu. Yupo Difu, dereva mstaafu wa jeshi, ambaye hajui kumaliza sentensi bila kuitaja difu ya gari, ule mtambo wa ekseli ya nyuma. Yupo Rada, mwenye habari za mji wetu wote wa Wasil na ushahidi wa hata moja hana. Na yupo ami yangu Msallam, aliyebandikwa jina la Breki kwa sababu jambo lolote likianza kwenda, yeye hulikanyaga. Kahawa hutoka jikoni kwetu na mimi ndiye mleta dele. Kwa hiyo wapende wasipende nasikia, na nikisikia najibu. Chuoni Maskati sijapata kushindwa katika mdahalo. Hapa benchini hushindwa kila siku, kwa sababu hapa hakuna anayesikiliza.

Siku hiyo walikuwa wanajadili usukani wa bibi yangu.

Bibi Zuwaina ameendesha pikapu yetu tangu baba yangu angali mtoto, akibeba maji, majani ya mbuzi, wajawazito wa kupeleka hospitali. Baridi iliyopita gurudumu liligonga kisiki kilichofukiwa na mchanga, usukani ukajizungusha wenyewe, ukamvunja kifundo cha mkono. Kikaunga vibaya. Na usukani ule ni wa kizamani, hausaidiwi na mafuta wala pampu. Kuuzungusha ni kupigana nao mieleka. Ami Breki akauchukua ufunguo, akasema mbele ya watu: siku mama atakapokata kona mwenyewe, nitamrudishia.

Bibi hakutaka makubwa. Alitaka kwenda Raka, huko ndani jangwani, kwenye miti ya mighafu ambako zamani familia yetu ilikuwa ikipiga kambi za majira ya baridi, aendeshe mwenyewe, akae huko mpaka joto lirudi.

Basi likizo yangu yote ilikwisha uani, chini ya kivuli cha banda la mbuzi. Nilifungua boksi ya usukani ya zamani, nikafunga ya gari la juzijuzi lililopinduka, nikaweka pampu, mipira ya mafuta, na mkanda wa kuizungusha hiyo pampu. Kuchomelea tu ndiko nilikomwachia fundi. Usukani sasa ungeuzungusha kwa kidole.

— Usukani mwepesi unamharibu dereva, alianza Difu. Jeshini tulikuwa na gari, ukipiga chafya linageuka. Na difu yake...

— Difu haihusiani, mjomba.

— Binti, kila kitu kinahusiana na difu.

— Tatizo si hilo, akasema Rada. Tatizo ni yale mafuta ya pampu. Yakipigwa na jua la mchangani yanachemka, na yakichemka usukani unafuata joto. Kuna jamaa wa Jaalan, gari lilimpeleka magharibi mchana kutwa.

— Kwa nini magharibi? nikamuuliza.

— Si ndiko jua lilikokuwa linazama!

Ami Breki akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia hoja.

— Ndiyo maana wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki gani, ami? Unamsema mama yako au chakula cha usiku?

— Namaanisha mtu mzima habadilishiwi usukani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye alivunjika mkono.

— Mkuu ni yeye! Wewe ndiye mwanawe. Hebu tuonyeshe guu lako kama lingali zima.

Rada alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Alipojipangusa, akaona asiache nafasi ipotee.

— Halafu ipo habari ya ngamia. Ile pampu inalia, mwaijua? Inalia wiii, wiii. Ngamia jike akiusikia ule mlio anadhani mwanawe anamwita. Mama Msallam atafika Raka na ngamia wa kabila zima wakimfuata nyuma.

— Hilo kweli, akasema Difu. Na gari likiwa na usukani mwepesi linasahau mbele ni wapi. Mbele ya gari inakaa kwenye usukani, siyo kwenye taa. Ukiulegeza tu, mbele inahama.

— Inahamia wapi?

Difu akafikiri. — Kwenye difu.

Nikaweka dele chini kwa kishindo.

— Nyie watatu, nani aliwafundisha kuendesha mchangani?

Difu akasafisha koo, Rada akatazama ng'ambo kwenye duka la upepo. Ami Breki alijifunza akiwa mapajani mwa bibi, na wenzake hao walikuwa nyuma ya pikapu hiyohiyo, kati ya mapipa ya maji.

— Yupo mzee mtaa wa juu, nikaendelea, haoni hata ngamia akisimama mbele ya boneti, na kila siku anaendesha kwenda msikitini. Nani amemnyang'anya ufunguo? Nani amekaa benchini kujadili mikono yake?

— Sisi tunampeleka mama kila Ijumaa, akasema Ami Breki.

— Mnampeleka! Mnafika Raka, chai haijachemka, mshaanza kutazama saa.

— Watu wana kazi.

— Kazi ipi, hii ya kunywa kahawa?

Hapo nilitegemea anifokee. Hakufoka. Aliugeuzageuza ufunguo mkononi.

— Wadha, mimi nimemzika baba mwaka mmoja, na kaka yangu mwaka uliofuata. Sitaki kupigiwa simu kwamba mama yuko chini ya gari. Hoja yangu ni hiyo tu. Nyingine zote zilikuwa maneno ya kupita tu.

Kaka yake huyo ni baba yangu. Nikaokota dele, nikamjazia kikombe kwa hasira mpaka kikafurika.

— Nani anazika watu na kahawa ingalipo?

Bibi Zuwaina alikuwa amesimama mlangoni, barakoa yake ya kibedui usoni, mkono uliounga vibaya ameuficha chini ya mtandio. Akanyoosha ule mzima. Ami Breki akainuka, akambusu kichwani, akampa ufunguo.

— Mpaka kwenye kilima cha kwanza, mama. Ugeuze, urudi. Ukigeuza, ni wako.

Alipanda mwenyewe. Injini ikakohoa, ikashika. Pikapu ikapita mbele ya duka la upepo, ikaacha lami, ikaingia mchangani bila kuyumba. Chini ya kilima ikaanza kuzunguka, duara moja pana, safi, kama ukingo wa sinia. Pampu ililia kweli, na hakutokea ngamia yeyote. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya benchi, na katika kichwa changu hotuba ilikuwa tayari, yenye utangulizi, hoja na hitimisho.

Akaja, akazunguka tena, akasimamisha gari mbele yetu, pua ikitazama mchangani. Hakuzima.

— Umegeuza, mama, akasema Ami Breki. Ufunguo ni wako. Na alisema kama mtu anayelipa deni kwa moyo safi; sijapata kumpenda kama dakika ile.

Bibi hakuwa ameuachia usukani. Aliutazama.

— Mchanga uko wapi? akauliza.

Tukatazamana. Difu akanyoosha kidole kwa adabu.

— Si huo, Mama Msallam. Uko mpaka baharini.

— Huo nauona. Nauliza wa mikononi. Nilikuwa nikishika hapa najua uko mgumu au umelegea, umelala na unyevu au umekauka jana. Kilima kikitaka kunitupa kilinipa habari kwanza. Sasa ni kama nimeshika sahani.

— Bibi, huo mchanga wa mikononi ndio uliokuvunja, nikasema.

— Uliniudhi siku moja. Mtu akikuudhi siku moja, wewe unamkata ulimi?

Nikashuka benchini. Nilimweleza, taratibu, kwamba nikiufungua mkanda wa pampu usukani utarudi kuwa mzito. Hautakuwa sawasawa na ule wa zamani, lakini mchanga atausikia.

— Fungua.

— Hutaweza kukata kona, bibi.

— Kutoka hapa mpaka Raka kuna kona ngapi?

Sijui kwa nini swali lile halikumjia hata mmoja wetu. Difu alihesabu kwa vidole, akaacha. Kwenda Raka ni kuingia kwenye bonde kati ya vilima viwili virefu na kulifuata mpaka mighafu ionekane.

— Hakuna, akasema Ami Breki kwa sauti ndogo. Ni moja kwa moja. Lakini kurudi, mama? Kurudi lazima ugeuze gari.

— Nirudi kufanya nini?

Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama chumvi ipo ndani. Habari ya joto kurudi hakuitaja tena. Rada akachungulia kikombe chake, Difu akashika magoti. Mimi nilizitafuta hoja zangu: sisi tutakukosa, sisi tutaogopa, sisi tumezoea. Zote zilianza na sisi. Nikazitafuta zinazoanza na yeye. Nilikuta nyumba yenye feni, televisheni, na Ijumaa.

Bibi akazima gari. Akakaa palepale, mikono yote miwili juu ya usukani, mzima na ule mbovu, akitazama mbele.

Nikaenda uani kuchukua spana. Niliporudi nikainua boneti. Chuma chake cha kuishikilia hakisimami hadi leo, nikawa nimeiegemeza kichwani huku natafuta nati ya mkanda. Ami Breki akaja, akanyoosha mkono. Nilidhani anataka kuninyang'anya spana.

Alikuwa ananishikia boneti.